Misumari ya farasi, waya za malori

Hivi umewahi kukaa kwa fundi baiskeli na kuangalia anachokitoa kwenye tairi? Kuziba pancha kwenyewe wote tunakujua: beseni la maji machafu, tyubu inazamishwa, vipovu vinatoka, msasa, solusheni, kiraka, unalipa, kwaheri. Mimi nazungumzia kile kidude kilichosababisha yote hayo. Fundi mzuri hafungi tairi mpaka akipate. Atapitisha vidole taratibu ndani ya tairi, atasonya, atachukua koleo na kuvuta kitu ambacho wewe hukukiona kabisa. Kisha anakitupa. Wapi? Pale pale barabarani!

Mimi nadhani tunakitupa mapema mno. Kidude kile ni ushahidi. Kinakwambia nani alipita pale kabla yako, na alidondosha nini. Ukivikusanya vidude vyote vilivyotoboa matairi ya baiskeli tangu mwaka 1888 mpaka leo, utapata historia ya barabara na ya wenye barabara. Na utaona jambo moja ambalo linanikera kila nikilifikiria: mwenye baiskeli mara nyingi ametobolewa na kitu alichoacha mtu mwingine, na karibu kila mara ameambiwa kwamba dawa ni yeye kununua tairi gumu zaidi.

Haya, twende mwanzo kabisa.

Zamani hakukuwa na pancha. Magurudumu ya baiskeli za kwanza yalikuwa ya mbao yaliyovishwa chuma, baadaye yakavishwa mpira mgumu usio na upepo ndani. Baiskeli za miaka ya 1860 Waingereza walizipa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "kitikisa mifupa", na wala hawakuwa wanatania. Ukipita kwenye mawe ulikuwa unayahesabu moja moja kwa uti wa mgongo. Lakini hukusimama njiani kuziba kitu.

Mtu wa kwanza kuweka upepo ndani ya gurudumu hata baiskeli hakuwa anaifikiria. Alikuwa Mskoti aitwaye Robert William Thomson, ambaye tarehe 10 Desemba 1845, akiwa na miaka 23 tu, alisajili ugunduzi wake: mfuko wa turubai lililopakwa mpira, umejazwa upepo, na juu yake umevishwa ngozi. Mwaka 1847 magari ya farasi yenye magurudumu hayo yalionyeshwa katika bustani ya Regent's Park, London. Yalikwenda kimya na kwa ulaini, watu wakashangaa, kisha wakasahau. Mpira ulikuwa ghali, na gari la farasi halikuhitaji kiasi hicho cha anasa. Angalia lakini ile ngozi ya nje. Mtu wa kwanza kuwaza upepo aliwaza hapo hapo na ngao ya kuulinda. Alijua kitakachotokea.

Miaka arobaini na ushee baadaye anakuja John Boyd Dunlop, Mskoti mwingine, daktari wa mifugo mjini Belfast. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na barabara za Belfast zilikuwa za mawe. Mwishoni mwa mwaka 1887 Dunlop akafunga mrija wa mpira uliojaa upepo kwenye gurudumu la mbao, akaushikilia kwa kitambaa kilichopigiliwa misumari. Mwaka 1888 akapata haki ya ugunduzi. Tarehe 18 Mei 1889 mwendesha baiskeli aitwaye Willie Hume alipanda baiskeli yenye matairi hayo kwenye mashindano ya Belfast, akawaacha wenzake wa matairi magumu. Baada ya hapo mambo yakawa moto. Mwaka 1890 Dunlop aliambiwa kwamba haki yake haina nguvu kwa sababu ya yule kijana Thomson wa 1845, lakini biashara ilishaanza kuruka na hakuna aliyeweza kuishusha.

Sasa tairi la Dunlop lilikuwa na kasoro moja kubwa. Lilikuwa limegundishwa na kufungwa kwenye rimu moja kwa moja. Likitoboka, kulibandua ilikuwa kazi ya fundi, si ya mwenye safari. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na baiskeli yenye pancha kwenye kiwanda kidogo cha mpira huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kuibandua na kuiziba kulichukua saa tatu, kisha ikabidi gundi iachwe ikauke usiku kucha. Asubuhi mmoja wa wenye kiwanda akaipanda kujaribu. Hakufika mbali, ikatoboka tena! Jina lake lilikuwa Édouard Michelin.

Michelin na kaka yake André hawakujaribu kutengeneza tairi lisilotoboka. Walijiuliza swali jingine: kama litatoboka tu, je, tunaweza kufanya kuziba kuwe kwepesi? Mwaka 1891 wakasajili tairi linalotoka kwenye rimu, lenye tyubu ndani inayoweza kuchomolewa na mtu wa kawaida kando ya njia. Septemba ya mwaka huo huo Charles Terront alilitumia katika mashindano ya Paris kwenda Brest na kurudi Paris, kilomita kama 1,200, akamaliza kwanza kwa muda wa takribani siku tatu, na pancha alizipata. Mwaka uliofuata wakaandaa mashindano yao wenyewe kutoka Paris mpaka Clermont-Ferrand, na (hapa ndipo ninapowapenda hawa jamaa) wakamwaga misumari barabarani kwa makusudi ili dunia ione jinsi tairi lao linavyozibika upesi.

Mwaka 1898 wakatoa bango ambalo mpaka leo linachapishwa kwenye vitabu vya historia ya matangazo. Lile jitu la matairi, Bibendum, limesimama mezani limeinua glasi. Ndani ya glasi hamna mvinyo. Mna misumari na vipande vya chupa! Maana yake: tairi letu linakunywa vikwazo. Kumbuka hilo bango, tutalirudia.

Sasa hiyo misumari ilitoka wapi? Jibu ni farasi. Barabara za Ulaya na Marekani za miaka ya 1890 zilikuwa za farasi, na kwato za farasi zimepigiliwa chuma kwa misumari, na misumari hiyo hudondoka. Wafanyakazi wa mashambani na viwandani nao walivaa viatu vizito vyenye misumari kwenye soli, ikachomoka njiani. Barabara zenyewe zilikuwa za kokoto zilizoshindiliwa bila lami, na katika sehemu nyingi za Uingereza kokoto hizo zilikuwa gumegume, jiwe ambalo likivunjika linakuwa na makali kama wembe. Ongeza ua wa miiba kandokando ya mashamba. Mwenye shamba akipogoa michongoma yake, matawi yanabaki njiani na anayeyaona ni mwenye baiskeli.

Waendesha baiskeli wa wakati ule walifanya mambo mawili, na nakuomba uyashike yote mawili.

La kwanza, walijikinga. Zilitoka dawa za kumimina ndani ya tyubu ili zizibe tundu zenyewe. Zilitoka tepe za ngozi na turubai za kuweka kati ya tyubu na tairi. Ufaransa walipenda sana kifaa kimoja rahisi ambacho mimi nakiona ni cha akili kuliko vyote: kipande cha waya au mnyororo mwembamba uliofungwa ili uguse mgongo wa tairi linapozunguka. Kazi yake ni kupangusa. Siri yake iko hapa: msumari au kipande cha chupa mara nyingi hakitoboi tairi mara tu unapokikanyaga. Kinanasa kwanza kwenye mpira wa juu, halafu kila mzunguko unakigongomea ndani kidogo kidogo, kama nyundo, mpaka kifike kwenye tyubu. Ukikiondoa kwenye mzunguko wa kwanza au wa pili, umepona.

La pili, waliidai barabara. Chama cha watalii wa baiskeli cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1878, na mwaka 1886 waendesha baiskeli wakaunda jumuiya ya kushinikiza barabara zitengenezwe. Marekani chama chao kilianzishwa mwaka 1880 na kikaanzisha kampeni kubwa ya barabara nzuri, mpaka mwaka 1893 serikali kuu ikafungua ofisi ya kushughulikia barabara. Mwandishi Carlton Reid ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kilichotoka mwaka 2014, kuonyesha kwamba barabara laini hazikuanza kudaiwa na wenye magari. Zilidaiwa na wenye baiskeli, kisha magari yakaja yakazikuta.

Kulikuwa pia na watu waliofanya kinyume. Tour de France ya mwaka 1905, hatua ya kwanza kabisa kutoka Paris kwenda Nancy, misumari ilimwagwa barabarani na karibu kundi zima la mashindano likatobolewa. Wakati Michelin anamwaga misumari kutangaza biashara, wengine waligundua kuwa ni silaha.

Hapa lazima nitoke barabarani kidogo, kwa sababu nimesema "mpira" mara nyingi bila kuuliza ulitoka wapi. Neno lenyewe lingetuambia kama tungelisikiliza. Kwa Kiswahili mpira ni kitu tunachocheza, ni bomba la kumwagilia maua, ni tyubu ya baiskeli. Lakini mpira ni mmea, una ngeli ya miti, mpira na mipira, kama mnazi na minazi. Ni mmea unaopanda juu ya miti mingine msituni, na ukiukata hutoa utomvu. Mmojawapo wa aina za pwani yetu, Landolphia kirkii, umepewa jina la John Kirk, yule konseli wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Mpira wa porini wa kusini mwa Tanzania ulisafirishwa nje kupitia bandari za pwani enzi za Mjerumani.

Na utomvu ule kazi yake kwenye mmea ni nini? Kuziba jeraha! Mmea ukichubuliwa, utomvu unatoka, unaganda, tundu linafungwa. Leo hii baiskeli za kisasa zisizo na tyubu zinamiminiwa ndani maji mazito ambayo mara nyingi yana utomvu huo huo wa mpira, ili msumari ukiingia, tairi lijizibe. Mmea ulishajua dawa ya pancha kabla ya Dunlop kuzaliwa.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa Belfast wala Paris. Matairi ya upepo yalipoingia sokoni miaka ya 1890, mahitaji ya mpira yalipanda ghafla. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajakomaa. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa na nchi nzima kama mali yake binafsi, Kongo, kuanzia 1885, na misitu yake ilikuwa imejaa mipira ya porini. Watu wa vijiji vya misitu ya Ikweta walipangiwa kiasi cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao warudi na mpira. Vijiji vilichomwa moto, na askari walikata mikono ya watu. Ripoti ya Roger Casement ilitoka mwaka 1904, E. D. Morel akapiga kelele kwenye magazeti kwa miaka, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia nchi iwe koloni la serikali ya Ubelgiji. Kijana wa London aliyekuwa akifurahia baiskeli yake Jumapili mwaka 1896 hakuyajua haya. Pancha yake ilimchelewesha chai. Nusu ya pili ya hesabu ilikuwa mahali pengine.

Baadaye mpira wa mashambani wa Malaya na nchi jirani ukachukua soko. Na hapo historia ikafanya utani mmoja. Desemba 1941 jeshi la Japani liliingia Malaya, na sehemu kubwa ya askari wake wa miguu walikuwa juu ya baiskeli. Joto na mwendo mrefu vikamaliza matairi yao. Hawakusimama. Wakayavua matairi na kuendelea kwa rimu tupu juu ya lami. Usiku mlio wa vyuma hivyo ulisikika kama vifaru vinakuja, na walinzi waliousikia walitishika. Singapore ikaanguka tarehe 15 Februari 1942. Yaani nchi iliyoongoza duniani kwa kutoa mpira ilivamiwa na watu waliokuwa wakiendesha baiskeli zisizo na mpira!

Mfano wa pili wa kijeshi unatuhusu zaidi, maana ni mbinu ya mafundi wetu. Mwaka 1954 Wavietnamu walipoizingira ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu, maelfu ya wachukuzi walisukuma baiskeli milimani, kila moja na mzigo wa kilo 200 na zaidi. Matairi ya kawaida hayakuweza. Wakachana nguo na tyubu za zamani wakaweka ndani ya tairi, tabaka kati ya tyubu na barabara. Si ndivyo wanavyofanya wauza mkaa wetu? Mwenye kubeba magunia ya mkaa kuleta mjini anajua kuchana tyubu iliyokufa, kuikata ile sehemu ya valvu na kuilaza ndani ya tairi kama kanzu ya pili. Hakusoma Dien Bien Phu. Tatizo ni lile lile, na mkono wa binadamu ukapata jibu lile lile.

Sasa turudi kwa Michelin, kama nilivyoahidi.

Mwaka 1946 kampuni hiyo hiyo ya Clermont-Ferrand ilisajili aina mpya ya tairi la gari, na mwaka 1949 ikaanza kuliuza kwa jina la Michelin X. Ndani yake kulikuwa na mikanda ya nyuzi za chuma. Lilidumu zaidi na lilishika barabara vizuri zaidi, na kwa miongo iliyofuata likaenea duniani kote. Karibu kila basi na lori linalopita mbele yako leo lina matairi ya mtindo huo.

Unajua lori likipasua tairi inakuwaje. Mlio kama bomu, halafu magamba meusi yanatawanyika barabarani kama mamba amechunwa. Dereva anabadilisha tairi, anaondoka. Magamba yanabaki. Yanakanyagwa, yanasagika, mpira unaisha na nyuzi za chuma zinabaki, vijiwaya vyembamba kuliko sindano, vifupi, vigumu. Gari likivikanyaga halisikii kitu, tairi lake ni nene. Mtembea kwa miguu havimhusu. Vinamsubiri mtu mmoja tu.

Ndicho fundi anachokivuta kwa koleo. Ndicho usichokiona ukiangalia tairi kwa nje, na ndiyo sababu unaweza kuziba leo na kesho ukatobolewa mahali pale pale: kijiwaya kilibaki ndani. Kwa hiyo ile kampuni iliyomfundisha binadamu kuziba pancha kando ya njia, iliyochora jitu likinywa misumari, ndiyo pia iliyotuletea msumari wa karne hii. Sisemi walikusudia. Lakini msumari wa farasi uliondoka pamoja na farasi, nafasi yake ikachukuliwa na waya wa lori. Anayepita amebadilika na kidude kimebadilika, anayetobolewa ni yule yule.

Tena kuna mchezo wa upepo hapa. Magurudumu ya magari yanafagia katikati ya barabara bure, bila mshahara. Kila kitu kigumu kinarushwa pembeni: mchanga, chupa, bolti, waya. Pembeni ndipo baiskeli inapoambiwa ikae. Kisha wanakuja akina mama wafagiaji na fagio zao, wanakusanya mchanga kwenye vilima vidogo vidogo, wapi? Pembeni. Ukiona mwendesha baiskeli anaingia ingia katikati ya lami usimtukane haraka, huenda anakwepa jalala.

Wenye viwanda vya matairi ya baiskeli hawakulala. Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont, Marekani, akitafuta uzi mwepesi na imara wa kutia nguvu matairi ya magari, alipata kitu ambacho baadaye kiliitwa Kevlar. Dunia inakijua kwa fulana za kuzuia risasi, lakini safari yake ilianzia kwenye tairi. Baadaye ukanda wa uzi huo ukawekwa ndani ya matairi ya baiskeli. Leo kampuni kama Schwalbe ya Ujerumani inauza tairi lenye tabaka la mpira laini la milimita 5 chini ya mgongo wake, kiasi kwamba pini ya kawaida ya kubandikia karatasi ukutani haifiki kwenye tyubu. Ni tairi zuri sana. Ni zito, ni gumu kulivalisha, na bei yake kwa mwenye kuuza samaki kwa baiskeli ni kichekesho.

Basi mtu wa kawaida afanye nini kesho asubuhi akienda kazini? Kutokana na historia hii yote mimi ningeanza na vitu visivyo na gharama. Upepo kwanza. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea, ukiruka shimo tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayokaa sambamba kama jino la nyoka. Ukiona matundu mawili hivyo, usitafute mwiba, tafuta pampu. Kipimo kinachofaa kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, na wengi hatujawahi kukisoma. Pili, ukifika mwisho wa safari zungusha magurudumu ukaangalie mgongo wa tairi na kung'oa kilichonasa. Ni ule mnyororo wa Wafaransa, isipokuwa unatumia macho. Anza na la nyuma, maana gurudumu la mbele mara nyingi hukiinua kile kidude kikasimama wima, la nyuma likaja kukipokea. Tatu, masika ongeza uangalifu mara mbili: maji yanaleta takataka barabarani na pia yanalainisha mpira kwa nje, chupa inateleza kuingia kama kisu kwenye papai. Na tairi likishaisha mgongo, ukaona nyuzi, hakuna kiraka kitakachokuokoa. Kama ni la mizigo, hiyo kanzu ya tyubu kuukuu inasaidia kweli, ila miisho yake ipunguzwe iwe myembamba, la sivyo itaikwaruza tyubu mpya na kutengeneza pancha yenyewe.

Hayo yote lakini ni njia ile ya kwanza, ya kujikinga. Na ile ya pili?

Nitakupa kisa kimoja. Mbigili unaijua, kile kimea kinachotambaa chini, maua ya njano, mbegu zake zina pembe kama kichwa cha mbuzi. Hata chini ya kandambili inapenya. Wazungu wa Marekani hawakuwa nayo, iliwafikia ikitokea ng'ambo, ikaenea kwenye majimbo yao makavu ya magharibi. Jina walilolipa kwa Kiingereza tafsiri yake ni "mmea wa pancha". Mwaka 1961 serikali yao iliachia kwa makusudi aina mbili za wadudu wadogo, jamii ya fukusi, ili mabuu yao waile mbegu na shina la mmea huo. Yaani kulikuwa na watu wazima, wenye shahada, wanalipwa mshahara kupambana na mbigili, ingawa walioanza kulia walikuwa wakulima na wafugaji, si waendesha baiskeli peke yao.

Mdudu alisaidia lakini hakumaliza kazi. Kwa hiyo mjini Boise, jimbo la Idaho, wenye baiskeli walianza mwaka 2018 sherehe ya mbigili. Kila kiangazi watu wanatoka na mifuko na glavu, wanang'oa mbigili kwenye viwanja vilivyo wazi na kando ya njia, wanaipima kwa uzito, kisha wanamaliza kwa maandamano ya baiskeli na ngoma, wamevaa mavazi ya ajabu ajabu. Hakuna aliyenunua tairi jipya siku hiyo. Wameondoa kile kidude kabla hakijamfikia mtu.

Sisi mbigili tunayo ya kutosha, na waya za malori juu yake. Fundi wa karibu na wewe ana kopo la solusheni tupu pale chini ya mti. Mwombe, kwa wiki moja tu, asivitupe vile vidude barabarani. Avitie kwenye kopo. Jumamosi mwende mkavimwage mezani na kuvihesabu, miiba upande huu, chupa upande huu, waya upande ule, kisha mpelekeeni picha diwani wenu mumuulize lini mara ya mwisho ile pembe ya barabara ilizolewa.